Kubadilisha Kontroboksi ya Eabegi kwa Usalama: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Wenye Magari wa Mwanza

Taa nyekundu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu kwenye ajali, ikiwaka na kugoma kuzima, mwenye gari humwomba fundi moja kati ya mambo mawili: aizime, au abadilishe kontroboksi. La kwanza ni la hatari. La pili mara nyingi ni gharama ya bure, kwa sababu kontroboksi haiharibiki kirahisi. Vinavyokufa kwanza ni waya, soketi na fyuzi zinazoizunguka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inakuja kabla ya spana.

Kwanza tujue tunashughulika na nini. Kontroboksi ya eabegi ni kiboksi cha chuma kinachotosha kiganjani, kimefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya gari katikati, mara nyingi mbele ya gia au chini ya konsoli, lile kava la plastiki lililo kati ya viti vya mbele. Ndani yake kuna sensa inayopima jinsi gari linavyopoteza mwendo ghafla. Ikipata picha ya ajali, ikisaidiwa na sensa za mbele karibu na taa kubwa, inatuma umeme kwenye viwashio vya eabegi na vya vikaza mikanda. Eabegi inajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Boksi lina pia kapasita zinazohifadhi umeme, ili hata betri ikipondwa kwenye ajali kazi ifanyike. Kapasita hizo zinamwokoa dereva, na ndizo zinazoweza kumuumiza fundi aliyetoa betri na kuanza kuchomoa soketi papo hapo.

Je, ni boksi kweli?

Anza na ufunguo. Ukae kitini, ufungue swichi hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usiwashe injini. Sasa hesabu. Kwenye Toyota nyingi taa ya eabegi inawaka kwa sekunde kama 6, kisha inazima yenyewe. Hiyo ni afya. Ikibaki inawaka, au ikizima kisha ikarudi, kuna kosa limehifadhiwa.

Isipowaka kabisa, hapo una tatizo kubwa kuliko la taa inayowaka. Ama balbu imetolewa, ama imezibwa kwa nyuma. Na kuna mchezo mwingine ambao wanunuzi wa magari ya mkononi hawaujui: waya wa taa ya eabegi unaunganishwa na wa taa ya oili. Ukifungua swichi, taa inawaka vizuri. Ukiwasha injini, inazima vizuri. Mteja anaridhika na kulipa. Kuugundua mchezo huo ni rahisi: fungua swichi bila kuwasha injini, subiri nusu dakika. Taa halisi ya eabegi itakuwa imezima zamani. Iliyoungwa itaendelea kuwaka pamoja na ya oili, na zitazima kwa mpigo mmoja injini ikiwaka. Fanya jaribio hili kabla ya kutoa hela kwa muuzaji.

Baada ya ufunguo, mashine ya kusomea makosa. Vile vidude vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu, vingi vinasoma injini tu, na vikikuambia hakuna kosa, havijaugusa mfumo wa eabegi. Tafuta fundi umeme mwenye mashine inayoingia kwenye SRS, yaani mfumo wa eabegi. Andika kila kodi, yaani namba ya kosa, kabla ya kufuta chochote. Kwenye Toyota, B1000 inaelekeza kwenye boksi lenyewe. Kwenye zile za zamani zinazotoa kodi kwa taa kupepesa, ni namba 31. U0151 inamaanisha kompyuta nyingine za gari zimepoteza mawasiliano na boksi, na hapo usikimbilie kununua: anza na fyuzi, halafu ethi (muunganisho wa umeme na bodi ya gari), halafu waya. Kodi zinazotaja eabegi ya dereva mara nyingi zinatokana na spairo kebo, ule utepe uliokunjwa nyuma ya usukani, na dalili yake ya pili ni honi inayolia leo na kesho inagoma. Kodi za upande wa kiti hutokana na soketi ya njano iliyo chini ya kiti, iliyosukumwa na mzigo au kuchomolewa na waosha magari. Betri iliyochoka nayo inaweza kuiwasha taa hii.

Halafu kuna maji ya samaki. Hili ni letu wa huku ziwani. Gari aina ya Noah au Probox linapakia sangara kwenye barafu pale Mwaloni Kirumba, au magunia ya dagaa ambayo hayajakauka vizuri, na maji yanapenya chini ya kapeti. Juu kapeti linakauka siku hiyohiyo. Chini, ile sponji inakaa na maji kwa wiki nzima, na boksi la eabegi limekaa palepale sakafuni. Inua kapeti upande wa abiria, bonyeza sponji kwa kiganja, kisha nusa. Kama kiganja kinatoka na maji yenye harufu ya samaki, angalia pini za soketi za boksi: utaona ungaunga wa kijani au mweupe, na pini moja au mbili zimeliwa hadi zimekonda. Hapo boksi limeshaingiwa, na kulisafisha kwa petroli au kwa dawa ya kupuliza hakulirudishi. Badilisha boksi, lakini pia badilisha soketi iliyoliwa na ukaushe sakafu. Boksi jipya juu ya sponji mbichi halitakaa.

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa aliwahi kuniambia, "Fundi mwanangu, izime tu hiyo taa, inanikera." Nikamjibu, "Mayu, taa naweza kuizima sasa hivi. Ila siku ukigonga, usukani utakusubiri na eabegi haitatoka." Tulianza na kapeti.

Boksi la kununua

Sababu nyingine halali ya kubadilisha ni ajali. Eabegi zikishafumuka, maboksi mengi yanaandika kumbukumbu ya ajali ambayo haifutiki kwa mashine ya kawaida. Baadhi yanahifadhi hata mwendo wa gari, breki na mkanda kwa sekunde chache kabla ya kugonga. Lakini baada ya ajali boksi si kitu pekee cha kubadilisha. Eabegi zilizotoka, vikaza mikanda vilivyovuta, sensa ya mbele iliyopata kipigo, spairo kebo iliyoungua na waya zilizobanwa, vyote vinaingia kwenye hesabu. Anayekuwekea boksi jipya na kufunika usukani kwa kava tupu, huku resista ndogo (kidude cha ukinzani wa umeme) ikilidanganya boksi kwamba eabegi ipo, amekuuzia taa iliyozima. Mtu akikupa bei ya chini mno baada ya ajali, mwambie afungue kava la usukani ulione kwa macho yako.

Namba ya boksi iko kwenye stika iliyobandikwa juu yake. Kwa Toyota inaanza na 89170, kwa Honda 77960, kwa Nissan 98820. Namba nzima ilingane, hadi tarakimu ya mwisho. Vitz mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na maboksi tofauti kwa sababu moja ina eabegi za pembeni na nyingine haina. Boksi lisilolingana litatafuta eabegi ambayo haipo na kuwasha taa, au, vibaya zaidi, litasahau iliyopo.

Kuhusu mtumba: Toyota kwenye vitabu vyao wanakataza kutumia vipuri vya eabegi vilivyotoka kwenye gari jingine. Najua bei ya boksi jipya inauma, na najua mitumba inauzwa na watu wanaifunga kila siku. Msimamo wangu ni kwamba boksi jipya lenye namba sahihi ndilo jibu. Boksi la mtumba hujui kama limewahi kuzama, kuanguka au kupigwa, na sensa iliyo ndani haina namna ya kupimwa gereji. Boksi jipya likianguka sakafuni nalo usilifunge, hata kama halina mkwaruzo.

Kabla ya kuagiza, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari uone kama liliitwa kurudishwa kiwandani. Januari 2020 Toyota waliita magari yapatayo milioni 3.4 duniani, zikiwemo Corolla, kwa sababu kontroboksi yenyewe ingeweza kushindwa kwenye ajali, na tiba haikuwa hata boksi jipya bali kichujio cha umeme kati ya boksi na waya. Angalia pia suala la Takata, ile kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017. Kemikali iliyo ndani ya eabegi zao huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha eabegi inapolipuka hurusha vipande vya chuma. Magari mengi tunayoendesha huku ni ya Japani ya miaka hiyohiyo, na joto na unyevu wa kando ya ziwa tunavijua.

Maandalizi

Kama wewe ni mwenye gari na hujawahi kufanya kazi ya umeme wa magari, ishia hapa. Soma yanayofuata ili ujue cha kumwangalia fundi.

Tafuta sehemu tambarare. Mwanza hilo si jambo dogo. Gereji iliyo kwenye mteremko wa mawe haifai kwa hatua ya mwisho ya kazi hii, utaona kwa nini. Vuta breki ya mkono na weka jiwe mbele na nyuma ya tairi, maana huenda ukahitaji kusogeza gia ili konsoli itoke. Usukani uwe umenyooka. Andaa spana namba 10, bisibisi ya nyota, bisibisi ya kawaida, vipande vya plastiki vya kubandulia trimu, na spana ya kupimia mkazo. Kama redio ya gari ina namba ya siri, ijue kabla ya kukata umeme.

Simu itumie kupiga picha. Piga kila soketi kabla hujaigusa, na boksi likiwa bado limefungwa.

Vitu viwili usivilete karibu: testa ya balbu, na kile kibetri kinachounganishwa ili redio na saa visipoteze kumbukumbu. Testa inapitisha umeme wa kutosha kuwasha eabegi. Kibetri kinaufanya mfumo ubaki hai wakati wewe unaamini umeufisha. Multimita nayo usiielekeze kamwe kwenye waya za eabegi yenyewe, hata kwa kupima ukinzani tu.

Kukata umeme

Funga swichi, toa ufunguo, uweke mbali na gari. Fungua terminali hasi ya betri kwanza, ivute pembeni na uifunge kitambaa au mpira isije ikarudi yenyewe kugusa. Kwenye magari ya haibridi betri ndogo ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, na mlango wa buti unafunguka kwa umeme, kwa hiyo fungua buti kabla hujakata, usije ukajifungia nje ya betri yako. Waya za rangi ya chungwa usiziguse.

Kisha subiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90, Honda wanataka dakika 3. Mimi nasubiri dakika 10 kwa gari lolote, kwa sababu stika husomeka vibaya na gari lililotoka Japani linaweza kuwa limebadilishwa vitu. Usikae kiti cha mbele ukisubiri.

Kabla ya kugusa soketi yoyote, shika chuma kitupu cha bodi ili umeme tuli wa mwilini utoke. Wakati wa kiangazi, ukiwa umevaa nguo za nailoni na umejisugua kwenye kiti, umeme huo upo.

Kutoa la zamani

Toa konsoli taratibu. Klipu za plastiki za magari ya zamani zimekauka na zinavunjika, hilo halikwepeki, ila usivute kwa hasira maana chini kuna soketi za swichi na za gia.

Boksi likionekana, angalia mshale uliochapwa juu yake. Unaelekea mbele ya gari. Upige picha mshale huo. Soketi ni za njano au zina ukingo wa njano, na nyingi zina kufuli mbili: ya kwanza unaivuta au kuigeuza, ya pili unaibonyeza wakati unachomoa. Ukikuta inagoma, hujaifungua kufuli. Usiivute kwa waya. Ndani ya soketi nyingi mna vibati vidogo vinavyounganisha waya mbili za eabegi pale soketi inapochomoka, ili eabegi isiwake kwa bahati mbaya. Ukichokonoa soketi kwa msumari au pini, unavipindisha vibati hivyo na kuondoa kinga.

Chomoa soketi boksi likiwa bado limefungwa, halafu ndipo ufungue boliti. Ziweke boliti hizo peke yake kwenye kikopo. Si boliti za kawaida: zinashika boksi na, kwenye magari mengi, ndizo zinazoliunganisha na ethi.

Kama kazi inakulazimu kutoa eabegi ya usukani pia, ibebe ikiwa imetazama mbali na mwili wako, na iweke chini upande wa kava ukiwa juu. Ikilala kifudifudi na kuwaka, itaruka. Usiiache juani wala karibu na anayechomelea. Na spairo kebo usiizungushe kwa mkono hata nusu mzunguko ikiwa imeachiwa.

Kufunga jipya

Sehemu ya kukaa boksi iwe chuma safi. Kwangua kutu, lakini usipige rangi juu yake, usiweke washa (kipete cha boliti) ya ziada, usiweke mpira wala silikoni. Nimekuta boksi limebandikwa kwa gundi ya pande mbili. Sensa iliyo ndani inasikia mtikisiko kupitia bodi. Ukiweka kitu laini katikati, unaifanya isikie ajali kwa kuchelewa, au isikie shimo la barabarani kama ajali.

Mshale mbele. Boliti kwa mkono kwanza, zote, kisha kaza kwa spana ya kupimia kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Usikaze kwa kukadiria.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo watu wanapokosea: boksi likiwa limefungwa kabisa, ndipo unachomeka soketi. Kamwe usichomeke soketi boksi likiwa mkononi, halafu ukaunganisha betri kujaribu kama taa itazima. Boksi lenye umeme likiinamishwa au kuanguka mkononi linaweza kudhani gari limegonga. Kila soketi ilie "ka" na kufuli yake irudi mahali pake. Linganisha na picha za simu.

Rudisha konsoli, viti kama ulivifungua, na hakikisha hakuna soketi ya njano iliyobaki inaning'inia popote.

Kuwasha mara ya kwanza

Watu wote watoke, watoto wanaochungulia dirishani wakiwemo. Swichi ikiwa imefungwa, rudisha terminali hasi. Kisha simama nje ya mlango wa dereva, nyosha mkono kwenye ufunguo bila kuweka kichwa au kifua mbele ya usukani, fungua swichi na usogee nyuma. Gari la kubonyeza kitufe nalo ni hivyohivyo. Subiri dakika nzima.

Unganisha mashine. Maboksi mengi ya magari mapya hayatazima taa hadi yaandikwe namba ya chesisi na kuambiwa gari lina eabegi zipi. Hilo ni jambo la kawaida, si dalili kwamba umeuziwa bovu. Baadhi ya magari yamehamishia ndani ya boksi hili sensa inayolisaidia gari lisiteleze kwenye kona, na hapo taa ya kuteleza nayo itawaka hadi sensa ipewe sifuri yake. Kazi hiyo inafanywa gari likiwa tambarare, bila mtu ndani, bila kutikisika. Ukiifanya kwenye mteremko wa Bugando, gari litaamini kwamba mteremko ndio usawa, na litakuja kugusa breki lenyewe kwenye barabara nyoofu. Kama kiti cha abiria kina kipimio cha uzito, nacho huenda kikahitaji kusetiwa upya.

Futa kodi, funga swichi, fungua tena. Taa iwake kama sekunde 6, izime. Washa injini, geuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, sogeza viti mbele na nyuma. Endesha mwendo wa kawaida kwenye barabara yenye matuta, rudi, soma kodi tena. Kodi iliyorudi baada ya kugeuza usukani ni ya spairo kebo. Iliyorudi baada ya kusogeza kiti ni ya waya zilizo chini yake. Usifute kodi iliyorudi, itafute.

Mweleze pia mwenye gari jambo moja la baadaye: siku gari likienda kunyooshwa bodi na kuchomelewa kwa umeme, betri ikatwe na soketi za eabegi zichomolewe kwanza.

La zamani

Mpe mwenye gari aone stika ya boksi la zamani na la jipya, na uandike namba zote mbili kwenye risiti. Halafu vunja pini za soketi za lile la zamani kwa koleo kabla halijatoka gereji. Boksi zima lililotupwa kwenye skrapu linaokotwa, linafutwa vumbi, na linarudi kwenye duka la spea likiwa na bei. Eabegi ambayo haijafumuka usiitupe skrapu, usiichome moto, na usiwape vijana waikate wauze chuma. Ifungie kwenye chumba kikavu, kava likiwa juu, hadi ipatikane gereji yenye vifaa vya kuifumua kwa mbali.